The Terminator au Terminator 2: uanze na ipi, na ukiwa na usiku mmoja tu uchague ipi?

Watu wakianza kutaja filamu ambazo sehemu ya pili iliizidi ya kwanza, Terminator 2: Judgment Day haikosi kutajwa. Matokeo yake ni kwamba watazamaji wengi wa umri mdogo wameikuta hiyo ya 1991 kabla ya nyingine, wakaipenda, kisha wakauliza: ile ya 1984 kuna haja ya kuitafuta? Haja ipo, tena kubwa, na ukiweza uanze nayo. Ila si kila mtu ataifurahia, na si kila usiku unaifaa, kwa hiyo tuziweke zote mbili ubavu kwa ubavu tuzikague.

Nitazungumza mpaka miisho yake, maana huwezi kulinganisha filamu hizi huku umeficha nusu ya mambo. Asiyetaka kusimuliwa akatazame kwanza, halafu arudi asome.

Pesa, na namna zinavyoonekana kwenye kioo

Zote mbili ziliongozwa na James Cameron. Hilo lina uzito, kwa sababu filamu nyingi huharibika sehemu ya pili ikikabidhiwa mtu mwingine asiyejua kilichoifanya ya kwanza ipendwe. Cameron aliandika The Terminator pamoja na Gale Anne Hurd, ambaye ndiye aliyekuwa mtayarishaji. Alimuuzia Hurd haki za hadithi kwa dola moja tu, kwa sharti kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayeiongoza. Bajeti ilikuwa kama dola milioni 6 na nusu. Miaka 7 baadaye, bajeti ya sehemu ya pili ilizunguka dola milioni 100, kiasi ambacho wakati huo kiliwashtua watu Hollywood. Ikaingiza zaidi ya milioni 500 duniani na kuchukua tuzo 4 za Oscar: vipodozi, sauti, uhariri wa athari za sauti, na athari za picha.

Tofauti hiyo ya pesa utaiona waziwazi. Filamu ya kwanza inapita karibu yote usiku, katika vichochoro vya Los Angeles, maegesho ya magari na vyumba vya hoteli za bei poa. Kuna mahali roboti muuaji aliyetumwa kutoka wakati ujao anajikata jicho mbele ya kioo, na kwa mtu aliyezoea picha za siku hizi kile kichwa kinaonekana wazi kuwa cha bandia. Mwishoni, nyama yote ikishaungua na kubaki mifupa ya chuma, sehemu ya mwendo wake ni ya kikaragosi kilichosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja baada ya nyingine, kwa hiyo anatembea kwa kushtukashtuka. Ukiwa na vijana ukumbini watacheka. Mimi naona kule kushtuka kunamfanya atishe zaidi, lakini najua si wengi wanaokubaliana nami.

Sehemu ya pili haina tatizo hilo hata kidogo. T-1000, roboti wa chuma cha majimaji aliyechezwa na Robert Patrick, bado anapendeza machoni baada ya zaidi ya miaka 30. Tazama anavyopita kwenye nondo za mlango kule hospitalini. Uso unapenya, kifua kinapenya, mwili mzima unajifunga upya upande wa pili, halafu mkono unakwama. Bastola aliyoshika ni chuma cha kawaida, haiwezi kupenya. Anageuza kiganja, bastola inapita kwa ubavu, anaendelea na safari yake. Hayo ni ya sekunde chache tu, lakini ndiyo yanayoutenga ustadi na mbwembwe za kompyuta, kwa sababu mtu alikaa akafikiria: mwili unapita, je, silaha?

Steringi ni nani hapa?

Kwenye mabanda ya video, kuanzia Kariakoo mpaka Eastleigh, kulikuwa na sheria ambayo kila mtoto aliijua: steringi hafi. Arnold Schwarzenegger, anayecheza roboti huyo, alikuwa steringi. Hivyo mtu aliyeingia kutazama The Terminator baada ya kumwona Arnold kwenye Commando alipata mshtuko. Jamaa anaua wanawake wasio na hatia kwa kufuata majina kwenye kitabu cha simu. Anachana ukurasa, anasoma majina ya akina Sarah Connor, anakwenda mlangoni kwa wa kwanza, anagonga, anamuuliza jina, anafyatua risasi. Wala hana hasira nao.

Upande wa wema amesimama Kyle Reese, askari mwembamba mwenye makovu aliyetumwa kutoka mwaka 2029 kumlinda Sarah Connor, ambaye mwanawe John ndiye atakayewaongoza binadamu dhidi ya mashine. Amechezwa na Michael Biehn. Naye anakufa kabla filamu haijaisha. Anayebaki amesimama ni Sarah, binti mhudumu wa mgahawa ambaye mwanzoni hata ratiba yake ya kazi inamshinda. Kwa mtazamaji aliyelelewa na sheria ile ya steringi, hii ni filamu iliyopindua meza.

Inafaa kujua pia kwamba Schwarzenegger alipokutana na Cameron mara ya kwanza, alikuwa amependekezwa kucheza Reese. Walipokuwa wakila akawa anaeleza jinsi roboti anavyopaswa kutembea, kutazama na kushika bunduki, mpaka Cameron akaona jibu liko mbele yake. Kabla ya hapo Cameron alikuwa amemfikiria Lance Henriksen, mtu wa sura ya kawaida anayeweza kupotea katikati ya watu. Wazo hilo halikufa. Lilirudi mwaka 1991 katika umbo la T-1000, mwembamba, mpole wa sauti, aliyevaa sare za polisi.

Sehemu ya pili inacheza na kumbukumbu yako ya ile ya kwanza. Wanatua wawili usiku, wote uchi. Arnold anaingia kwenye baa ya waendesha pikipiki na kutoka na nguo, buti na pikipiki ya mtu. Mwingine anamuua polisi na kuchukua sare. Wote wawili wanamsaka mtoto mmoja, John Connor, mwana wa Sarah. Wanakutana naye kwenye korido ya nyuma ya jengo la maduka: huku polisi, huku Arnold, mtoto katikati. Arnold anachomoa bunduki kutoka kwenye boksi la maua ya waridi, maua yanaanguka, anayakanyaga. Halafu anamwambia mtoto ainame, na kumpiga risasi polisi.

Aliyetazama ya kwanza moyo wake unasimama pale, japo matangazo ya filamu yenyewe yaliharibu siri hiyo mapema. Ambaye hajaitazama anaona Arnold akifanya kazi yake ya siku zote. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kukwambia uanze na ya 1984.

Vituo viwili vya polisi

Ningeulizwa nichague mahali pamoja pa kuzilinganisha filamu hizi, ningechagua jinsi kila moja inavyowatendea polisi.

Katika ya kwanza, Sarah na Kyle wamekamatwa na kupelekwa kituoni. Sarah amepewa kochi alale. Ofisa mmoja anamtuliza: humu ndani kuna askari 30, hapa uko salama. Mtazamaji naye anapumua. Anafika jamaa mwenye miwani myeusi, anaomba kumwona Sarah, anaambiwa asubiri. Anakagua kaunta na kuta kwa macho, anasema atarudi, anatoka. Dakika haijaisha, gari linaingia na mlango mzima. Kinachofuata hakina muziki wa ushujaa. Ni taa zinazokatika, milio ya bunduki na askari wanaoanguka mmoja mmoja kwenye korido. Hakuna anayeokoa hali. Pale ndipo unapoamini kile Kyle alichojaribu kumweleza Sarah: kwamba kiumbe hiki hakiombeki, hakina huruma, na hakitasimama mpaka umekufa.

Katika ya pili, mtoto John amemwapisha roboti wake asiue mtu. Wanavamia jengo la kampuni ya Cyberdyne ili kuharibu utafiti utakaozaa Skynet, mfumo wa kompyuta utakaowageuka binadamu, na polisi wamelizunguka jengo. Arnold anasimama dirishani na bunduki kubwa inayozunguka mitutu, anamimina risasi kwenye magari mpaka yanageuka chekecheke. Halafu tunaona kwa macho yake mekundu hesabu ya waliokufa: 0.0.

Sura ileile, askari walewale wa mji uleule. Mara ya kwanza uliogopa, mara ya pili unafurahi, na furaha yenyewe ina uzito kwa sababu unakumbuka kile kituo. Asiyekikumbuka ataona fataki nzuri tu.

Sarah Connor

Kama unatafuta mhusika atakayekaa nawe, hapa ndipo pa kusimama. Linda Hamilton amecheza watu wawili ambao ni mtu mmoja. Sarah wa 1984 ana pikipiki ndogo, ana rafiki anayeishi naye, ana mwanamume anayeahirisha miadi. Sarah wa 1991 tunamkuta amefungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, amesimamisha kitanda wima na kufanya mazoezi ya kujivuta juu yake, mikono imejaa misuli. Amewaambia madaktari ukweli kuhusu siku ya maangamizi, 29 Agosti 1997, wakamwona kichaa.

Ukianza na ya pili utaona mwanamke shupavu, basi. Ukianza na ya kwanza utajua kila alichopoteza ili afike hapo.

Kisha inakuja lifti. Sarah ametoroka chumbani mwake, anakimbia miguu mitupu kwenye korido, wahudumu wako nyuma. Anafika kwenye lifti, milango inafunguka, na anayetoka ni Arnold. Miguu inamteleza. Anaanguka chini, anajivuta kinyumenyume huku akipiga kelele, anageuka na kukimbilia kwa walewale wahudumu aliokuwa akiwakimbia. Mwanawe anamwita, hamsikii. Halafu yule roboti ananyoosha mkono na kumwambia amfuate kama anataka kuishi. Ni maneno yaleyale ambayo Kyle Reese alimwambia kwenye klabu ya Tech-Noir usiku ule wa 1984, na sasa yanatoka kwenye kinywa cha sura iliyomuua Kyle. Hakuna namna ya kuyasikia inavyostahili kama hukumjua Kyle.

Kuna jambo jingine ambalo huwa halisemwi vya kutosha. Kwenye Tech-Noir, bastola ya roboti ilikuwa na mwanga mwekundu wa kulengea, na lile doa lilitua kwenye paji la uso la Sarah. Katika sehemu ya pili Sarah anakwenda peke yake usiku nyumbani kwa Miles Dyson, mhandisi ambaye hajui kuwa kazi yake itaangamiza dunia. Anamlenga kutoka kwenye giza la bustani kwa doa jekundu lilelile. Kinachomwokoa Dyson ni gari la kuchezea la mtoto wake linalomgonga mguu, akainama, risasi ikapita. Sarah anaingia ndani, anamkuta chini amejeruhiwa, mke na mtoto wanalia, na anashindwa kumalizia. Kwa dakika kadhaa yeye ndiye aliyekuwa muuaji anayefuata jina mpaka mlangoni. Cameron halielezi hilo kwa maneno. Ameliacha kwa aliyetazama zote mbili aliokote mwenyewe.

Maswali ya wakati yanayowagombanisha watu

Ikiwa John ndiye aliyemtuma Kyle, na Kyle ndiye baba yake, nani alitangulia? Katika filamu ya kwanza hakuna wa kutangulia. Wakati ni duara lililofungwa, kila kinachofanywa kuizuia kesho ndicho kinachoizaa. Ya pili inakwenda njia nyingine. Mabaki ya roboti wa kwanza, mkono na chipu, yaliokotwa na Cyberdyne na ndiyo yaliyomwezesha Dyson, kwa hiyo yakiharibiwa kesho inaweza kubadilika. Kwa anayependa hadithi iliyokaza kimantiki, ya kwanza inashinda. Anayetaka tumaini atapata zaidi katika ya pili.

Kwa nini wanafika uchi? Kyle anaeleza kuwa mashine ya safari hupitisha kilicho hai tu, ndiyo maana roboti amevikwa nyama. T-1000, ambaye ni chuma kitupu, alipitaje? Filamu haijibu.

Na kwa nini Arnold wa pili afanane na wa kwanza? Ni modeli moja iliyotengenezwa kwa wingi. Katika ndoto za Kyle za mwaka 2029 yumo roboti mwingine mwenye sura tofauti kabisa, aliyechezwa na Franco Columbu, mtunisha misuli aliyekuwa rafiki mkubwa wa Schwarzenegger.

Toleo lipi la sehemu ya pili?

Liko la majumba ya sinema, kama saa 2 na robo, na liko refu lililoongezwa kama robo saa. Mara ya kwanza tazama lile fupi, mwendo wake hauna mahali pa kulegea. Lakini ukishaipenda, usikose lile refu kwa sababu ya sehemu moja. Sarah na John wanafungua fuvu la roboti na kutoa chipu ili wabadilishe mpangilio wake aweze kujifunza. Roboti amekaa amezimika. Sarah anaiweka chipu mezani na kunyanyua nyundo. John anamzuia, na kwa mara ya kwanza anamwambia mama yake kwamba kama kweli siku moja atakuwa kiongozi, basi aanze sasa kumsikiliza. Bila sehemu hiyo, urafiki wa mtoto na roboti unakua vizuri. Ukiwa nayo, unaona pia kiongozi akizaliwa. Kyle naye anarudi humo katika ndoto ya Sarah, na Biehn hayumo kabisa katika toleo fupi.

Kuhusu zilizotafsiriwa: mapenzi ya wengi wetu kwa filamu za mapigano yalianzia kwenye sauti za akina DJ Afro kule Kenya na marehemu Lufufu Tanzania, na heshima yao haina ubishi. Kwa sehemu ya pili, tafsiri ya DJ inanoga, maana kuna mbio, kuna utani, kuna mtoto anayemfundisha roboti maneno ya mtaani. Kwa ya kwanza nakushauri utafute ya sauti asilia. Roboti haongei karibu lolote, na ule ukimya, pamoja na muziki wa Brad Fiedel unaogonga kama chuma, ndio unaoijenga hofu. Msimuliaji akiujaza ukimya kwa maneno, hofu inaondoka.

Sasa uchague

Una jioni mbili: The Terminator kwanza, Terminator 2 baadaye, na usiache wiki nyingi zipite katikati.

Una usiku mmoja, uko na marafiki, mnataka kushangilia: chukua ya pili bila kusita. Inajieleza yenyewe vya kutosha, hutapotea. Una usiku mmoja, uko peke yako au na mtu mmoja, na mnapenda filamu za kutisha: ya kwanza, saa 1 na dakika 47, taa zimezimwa.

Uko sebuleni na wazazi au watoto, fikiri mara mbili. Ya kwanza ina tukio la kitandani kati ya Sarah na Kyle ambalo halikwepeki, maana ndipo John anapopatikana. Ya pili haina hilo, lakini ina ndoto ya bomu la nyuklia juu ya uwanja wa watoto ambayo hata mtu mzima huondoka nayo. Zote mbili Marekani zilipewa daraja la R, yaani asiyefika miaka 17 aingie na mtu mzima. Kwa mtoto wa darasa la 3 au la 4, zote zisubiri.

Baada ya hapo wengi huuliza kama waendelee na ya 3. Mimi ningesimama kwenye ya pili. Rise of the Machines ya 2003, iliyoongozwa na Jonathan Mostow, ina mwisho wa kijasiri, lakini mwisho huo unafuta ushindi wote uliopatikana mwaka 1991. Salvation ya 2009 inakupeleka kwenye vita vya baadaye na kukuonyesha kwamba vilitisha zaidi vilipokuwa vya kuota tu. Genisys ya 2015 inarudia matukio ya 1984 na kuyabadilisha mpaka hujui ushike lipi. Dark Fate ya 2019 ilimrudisha Linda Hamilton, na kila anapotokea filamu inapata uhai, ila inaanza kwa kumuua John Connor dakika za mwanzo kabisa, na kuna watu hawakuisamehe hadi leo. Nami ni mmoja wao.

Ukiwa na kiu ambayo haijaisha, kuna mfululizo wa televisheni wa 2008 na 2009, Terminator: The Sarah Connor Chronicles, Lena Headey akiwa Sarah. Unaanzia baada ya sehemu ya pili, unampa mama huyu na mwanawe nafasi ya kuishi kama watu wanaokimbia kila siku, na unatupilia mbali kila kilichotokea kwenye filamu ya 3. Jiandae tu kwamba una misimu 2, kisha ulisitishwa kisa kikiwa bado njiani.